Kuyeyusha bonge la damu mguuni kwa kateta: chumba cha picha hongera, wodi ya usiku aibu

Nilitaka kuwapa nyota nne. Nimewapa mbili, na hizo ni za watu wa chumba cha picha. Wodi haina chake hapo.

Hatua ya kwanza sina neno. Mgonjwa wetu alilazwa kifudifudi, vena ya nyuma ya goti ikatafutwa kwa ultrasaundi na kupatikana kwa sindano moja, waya mwembamba ukapenya bonge la damu mpaka juu ya kinena, kisha kateta, yaani mrija mwembamba wa kupitishia dawa wenye vitundu ubavuni, ikapita juu ya waya. Walihakikisha vitundu vyote vimezama ndani ya bonge, maana kitundu kilichobaki nje kinamwaga dawa bure. Bonge lenyewe lilikuwa bichi, halijafikisha siku 14. Likikaa sana hukakamaa na dawa hailiwezi tena. Hata bei, ambayo inatoa mtu jasho, nilikuwa nimeshaisamehe.

Halafu ikaingia zamu ya usiku.

Alteplasi, dawa yenyewe ya kuyeyusha bonge, ilichanganywa miligramu 20 kwenye mililita 500 za maji ya chumvi. Dozi ni miligramu 0.01 kwa kila kilo kwa saa, kwa hiyo mtu wa kilo 60 anapata miligramu 0.6, yaani pampu isukume mililita 15 kwa saa. Mwendo huo ni mdogo, na mtego uko hapo: mrija ukijikunja, presha inapanda polepole na kengele inachelewa kulia. Ikilia, jua dawa ilishaacha kufika kitambo. Alteplasi nayo haikai kwenye damu, nusu yake huondoka ndani ya dakika chache tu. Mtiririko ukikatika, kuyeyuka kumekoma, na damu inarudi kwenye vitundu inaganda humo humo.

Kengele ikalia. Nesi akaja, akabonyeza kitufe cha kunyamazisha, akaenda zake. Ikalia tena, akainyamazisha tena! Alipoambiwa, "Samahani sista, hii mashine haisukumi," akajibu, "Kwani wewe ndiye daktari? Mwache mgonjwa alale."

Alale! Goti limekunjwa juu ya mto waliouweka wao wenyewe, na mrija unatokea nyuma ya goti hilo hilo. Hapa hapahitaji shahada. Toa mto, nyoosha mguu, fuata mrija kuanzia kwenye pampu hadi kwenye bandeji, angalia koki ya njia tatu iko wazi na chupa haijaisha, ndipo uwashe upya. Ikigoma, usilazimishe kwa bomba la sindano. Mwite aliyeweka kateta. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inayopita kwenye kimrija cha mlangoni, pale kateta inapoingilia mwilini, ikaguliwe pia, kwa sababu ikisimama mlango wenyewe unaziba.

Fibrinojeni, protini ya damu inayosaidia kuganda, ilitakiwa ipimwe kila saa sita. Ikishuka chini ya miligramu 150 kwa desilita dozi hupunguzwa, chini ya 100 dawa husimamishwa, la sivyo unangoja mtu avuje damu. Usiku ule hakuna aliyetoa damu. Eti maabara imefungwa. Sasa huduma hii mnaiuzaje?

Picha ya asubuhi: sehemu ya chini imefunguka, juu bado. Ikabidi dawa iendelee usiku wa pili, na kila saa inayoongezeka ni hatari ya kuvuja damu. Usiku huo nao umo kwenye bili, bila hata pole.

Hasira pembeni, kateta si ya kila mguu. Utafiti wa ATTRACT wa Marekani, uliotoka 2017 ukiwa na wagonjwa 692, ulikuta matatizo ya kudumu ya mguu baada ya miaka miwili yako karibu sawa, asilimia 47 kwa waliofanyiwa na 48 kwa waliotumia dawa za kuzuia kuganda peke yake. Kuvuja damu kwingi katika siku 10 za mwanzo kulikuwa asilimia 1.7 dhidi ya 0.3. Bonge la chini ya goti halihitaji haya yote. Kwa lililopanda mpaka nyonga, kwa mtu asiye na hatari kubwa ya kuvuja damu, ningesema fanya.

Na mguu, lazima niseme, umepungua sana. Haya, nyota tatu. Ila kabla ya kusaini uliza nani anakaa na pampu usiku na maabara inafunga saa ngapi, na majibu wayaandike kwenye faili.