Hoteli ya Nyali inayojua kutoa risiti

Nyota nne. Ya tano imezuiwa na AC, nitaeleza.

Mimi ni daktari wa mifugo, nina kliniki yangu Nakuru, na nilishuka Mombasa kwa kongamano letu la mwaka. Nikitafuta pa kulala siulizi habari ya bwawa la kuogelea. Nauliza: mnatoa risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, mamlaka ya kodi? Tangu Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na risiti hiyo KRA haiitambui, hata kama umelipa kweli na ujumbe wa M-Pesa unao. Kuna hoteli nyingine, siitaji, iliniandikia risiti ya kalamu ikisema mtambo umelala, watanitumia. Mpaka nafaili ritani mwezi wa Juni, kimya. Mhasibu wangu aliiondoa bili yote kwenye gharama, nikalipa kodi kana kwamba kongamano zima nililala stendi.

Hapa dada wa mapokezi aliniwahi kabla sijatoa kitambulisho: "Daktari, risiti iwe na PIN ya kliniki ama yako?" Yaani namba ya mlipa kodi. Kliniki si kampuni, kwa hivyo ni yangu. Akaiingiza polepole, ile herufi ya mwisho akauliza mara mbili kama ni P ama B.

Mzee wangu alinifuata kongamano lilipoisha, tukabaki wikendi. Sasa, sheria inataka gharama iwe ya kutafuta mapato tu, na pweza wa nazi si semina. Nikaomba bili itenganishwe: usiku wa kongamano risiti yake, wikendi yake. Kwingine ukiomba hivyo watu hukunja uso. Huyu aliigawa mpaka soda ya mzee ikaangukia upande wa wikendi.

(Wafanyabiashara mnaolipa TOT, ile kodi ya asilimia 3 ya mauzo, msihangaike na haya. Inakatwa kwa mauzo ghafi, gharama haziingii.)

Mahamri na mbaazi za asubuhi ni tamu, ila fika mapema, watu wa semina huzifagia. Chumba kilikuwa upande wa jikoni na AC ilidondosha maji juu ya kiti nilichowekea makaratasi yangu. Nikalalamika, wakaniletea beseni. Beseni!

Ukilipa, skani ile QR ya risiti ukiwa bado hapo kaunta, uone kama imefika KRA. Zangu zote mbili zilifika.