Majani ya chai yaliyosokotwa kutoka Njombe: uzoefu wangu jikoni Uyole

Nianze na hukumu kwa ajili ya asiye na muda. Kama unakunywa chai ya rangi, nunua haya majani. Kama chai yako ni ya maziwa, na kwako chai haijawa chai mpaka iwe nyekundu nzito, baki na majani ya punje ya pakiti. Utatumia fedha kidogo na utaridhika zaidi. Nimeyatumia tangu kipupwe cha mwaka jana hapa Uyole, Mbeya, katika nyumba ambayo chai inanywewa asubuhi, jioni, na tena usiku watu wakishakula. Yamepita kwenye vikombe vingi.

Ninayoyazungumzia ni majani meusi yanayopimwa kwa mizani dukani au kufungwa kwenye mfuko wa karatasi, yakitoka Njombe. Ukiyamimina kiganjani unaona jani lenyewe, refu, limejikunja, na hapa na pale kichipukizi cha rangi ya dhahabu. Majani tuliyoyazoea ni vipunje vidogo vya mviringo, na mengine karibu yawe vumbi. Wengi wakiona haya ya Njombe hudhani ni majani ya mti mwingine, au kwamba hayajakamilika kutengenezwa. Mti ni uleule unaoonekana ukipita barabara ya Tukuyu au mashamba ya Mufindi. Uchumaji pia ni uleule, majani mawili na chipukizi lake.

Tofauti inaanzia kiwandani. Majani mabichi hunyaushwa kwanza kwa saa nyingi, mara nyingi usiku kucha, yapunguze maji na kulegea. Kutoka hapo, sehemu kubwa ya chai ya Tanzania hupitishwa katikati ya rola zenye meno zinazolikata jani, kulichana na kuliviringa. Mtindo huo, unaojulikana kwa herufi CTC, za maneno ya Kiingereza ya kazi hizo tatu, ulibuniwa Assam, India, mwaka 1930, na ndio unaotoa vile vipunje vinavyokolea dakika ileile vinapogusa maji. Mtindo wa zamani zaidi hulisokota jani taratibu, likavunjikavunjika bila kusagika. Kwa mitindo yote miwili, jani huachwa lipigwe na hewa hadi kijani kigeuke rangi ya shaba, kisha hukaushwa. Kilo moja ya majani makavu inatokana na kilo nne hadi tano za majani mabichi. Kila ninapoona mtu anamwaga majani sinkini baada ya kuyatumia mara moja, nawafikiria wachumaji walioingia shambani kabla umande haujakauka.

Faida ya kwanza utaisikia puani kabla ya ulimi. Jani likiwa halijasagwa, harufu yake inabaki ndani mpaka ikutane na maji ya moto. Hii ya Njombe inanukia maua kidogo, na nyuma yake kuna kitu kama asali ya porini. Rangi yake ni ya kahawia inayong'aa, unaona kitako cha kikombe. Ukakasi upo, lakini ni mwepesi, unasafisha mdomo na kuondoka. Sukari niliipunguza bila kujilazimisha. Watoto wanaweka kijiko kimoja walipokuwa wakiweka viwili, na hakuna aliyewahubiria.

Sasa namna ya kuipika, kwa sababu hapa ndipo watu wengi watakapoyalaumu majani bure. Huku kwetu tumezoea kutupia majani kwenye sufuria, maji na sukari juu yake, tukaacha vichemke mpaka povu lipande. Majani ya punje yanastahimili hilo, na kwa chai ya maziwa yanalihitaji. Haya ukiyachemsha, harufu yote inapaa na mvuke na kinachobaki ni uchungu. Yanataka kumiminiwa maji yaliyochemka, kisha kufunikwa yakitulia.

Jambo moja ambalo maelezo ya kwenye pakiti hayalitaji ni miinuko yetu. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Njombe juu zaidi. Huku maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi, wakati Dar es Salaam yanafika 100. Maharage yetu yanakula mkaa mwingi kwa sababu hiyohiyo. Kwa chai, maana yake ni kwamba huna nyuzi za kupoteza. Ukisoma ushauri kwamba maji yakichemka uyaache yapoe kidogo, huo ni wa watu wa bondeni. Mimi nasuuza birika la udongo kwa maji ya moto nikayamwaga, natia majani, kisha namimina maji yakiwa bado yanatokota na kufunika papo hapo. Wakati wa kipupwe nalifunga birika kwa kitambaa kizito. Naacha dakika tano. Kwa lita moja natumia vijiko vitano vidogo vya chai, vilivyojaa juu, maana majani haya ni mepesi na kijiko cha kusawazisha kinabeba kidogo mno. Dakika zikitimia, chai yote inapita kwenye chujio na kuingia chupa ya chai. Usiyaache majani yalale humo, saa moja baadaye utakunywa dawa.

Majani yale yale yanakubali maji ya pili, ukiyapa dakika saba au nane. Kikombe cha pili ni chepesi, nacho ndicho ninachokipenda usiku.

Mpenzi wa tangawizi au mchaichai asikate tamaa. Chemsha viungo peke yake kwenye maji mpaka vitoe ladha, kisha maji hayo ndiyo uyamimine juu ya majani. Kila kimoja kinapata muda wake. Iliki siwaelekezi, inafunika kila kitu na unakuwa umelipia harufu usiyoisikia.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Tukuyu, alichuma chai ujana wake. Alipokuja kututembelea nilimwekea kikombe bila kumweleza kitu. Alikitazama, akasema, "Mwanangu, hii hujaichemsha." Nikamwambia, "Mama, onja kwanza." Akaonja, akanyamaza, akaomba nimletee yale majani ayaone. Aliyasugua kwa vidole na kuyanusa muda mrefu. Akasema jani la namna hiyo hawakuwahi kulinywa, walilichuma tu na gari likalibeba. Maneno yake yalinigusa. Chai imelimwa Rungwe tangu wakati wa Wajerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa miaka mingi chai ya Tanzania imekuwa ikiuzwa kwa wingi kwenye mnada wa Mombasa na kwenda kuchanganywa ng'ambo. Naona ni haki mtu wa nyanda za juu ajue ladha ya jani lake likiwa zima, hata kama ni kwa robo kilo.

Kwa maziwa nilijaribu, na haikuniridhisha. Protini ya maziwa inashikana na ule ukakasi, ndiyo maana maziwa hulainisha chai kali. Hii si kali, basi inazama. Inatoka rangi hafifu na ladha ya maziwa ya moto. Nikitaka chai ya maziwa nachanganya nusu ya haya na nusu ya punje, nachemsha kama kawaida. Inakubalika, ila sioni sababu ya kulipia zaidi kwa ajili hiyo.

Niseme na chakula, kwa sababu chai ya nyumbani haisimami peke yake. Asubuhi inaendana vizuri na viazi vya kuchemsha na maganda yake, vile vya Umalila vinavyopasuka vikiiva, chumvi kidogo, na parachichi la Rungwe pembeni. Hakuna mafuta, hakuna kukaanga, na mtu anafika mchana hajalalamika njaa. Magimbi nayo yanapendeza, ule uzito wake unahitaji kitu cha kuusukuma. Lakini kifungua kinywa kinachonifanya niamke mapema ni kiporo cha wali wa Kyela. Nakaanga kitunguu mpaka kiwe kahawia, natupia wali uliolala, nafunika moto mdogo mpaka chini ugande kidogo, ule ukoko ndio watoto wanaugombania. Mchele wa Kyela una harufu yake, na chai nzito ya punje huimeza. Hii inaiacha ipumue.

Jioni za Juni na Julai, baridi ya Uyole ikishuka, tunapika kande. Mahindi yaliyokobolewa na maharage ya njano nalowesha tangu jana yake, maji ya kulowekea namwaga, kisha kwenye jiko la mkaa kuanzia mchana. Kwa mwinuko huu usijidanganye kwamba saa mbili za kupika zitatosha. Naongeza maji ya moto kila yakipungua, sitii chumvi mpaka maharage yakubali kupondeka kwa vidole. Mwishoni natia karanga zilizosagwa zilizokorogwa na maji, kitunguu, na nyanya moja ikiwepo. Karanga zikishaingia unakaa karibu na mwiko, zinashika chini haraka. Bakuli la kande zito namna hiyo halitaki kitu kingine zaidi ya kukaa jikoni karibu na moto.

Hapo lakini chai naichelewesha kwa makusudi. Tannini ya chai, yaani kile kinacholeta ukakasi, huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani, na sisi huku chuma tunakipata zaidi humo kuliko kwenye nyama. Ushauri wa lishe ni kuipa nafasi, saa moja hivi baada ya kula. Nyumbani kwangu mdogo wangu ni mjamzito, kwa hiyo kanuni hii tunaishika kwelikweli. Tunakula kande saa moja jioni, birika linakuja saa mbili. Viazi na parachichi vya asubuhi sivisumbukii sana, ila ndizi na maharage za mchana zinafuata kanuni ileile.

Kwa bei, majani haya yanazidi pakiti ya kawaida ya uzito uleule. Nikihesabu maji ya pili na sukari iliyopungua, tofauti inapungua ingawa haifutiki. Robo kilo hapa nyumbani inakaa muda mzuri. Kwa familia inayobana shilingi nisingewaambia wayafanye ya kila siku. Nunueni kidogo kwa ajili ya jioni.

Lawama yangu kubwa inaangukia uuzaji. Dukani, gunia lilikuwa wazi, na rafu ya jirani imejaa sabuni ya unga. Mfuko mmoja niliobeba ulinukia sabuni tangu nilipoufungua, na maji ya moto yakaizidisha. Chai hunyonya harufu ya chochote kilicho karibu. Nilirudi nao. Muuzaji aliniambia, "Dada yangu, ukiweka tangawizi hutaisikia." Nilimweleza taratibu kwamba chai hii nainunua nisikie harufu yake, na akanibadilishia kutoka mfuko wa chini ambao haujafunguliwa. Siku nyingine nilikuta vijiti vingi kuliko majani, dalili kwamba kilichobaki chini ya gunia ndicho kinachopimwa. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: kabla hajapima, omba kunusa, na mwombe atie mkono katikati ya gunia. Hakuna muuzaji mwaminifu atakayekasirika. Ukifika nyumbani, hamishia kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, mbali na viungo, mbali na dirisha na mbali na jiko. Kopo la kioo linapendeza machoni ila mwanga unaichosha chai.

Ningepewa nafasi ya kusema na wanaofunga majani haya, ningewaomba waandike mwezi yaliposindikwa, jina la kiwanda, na daraja la jani. Wanunuzi wa mnadani wanayapata hayo yote kabla hawajatoa senti. Sisi tunaoishi saa chache kutoka shambani tunapewa mfuko wenye neno "chai" na picha ya kikombe. Karatasi yenyewe ni nyembamba, ikinyeshewa mvua ya Machi inachanika kabla hujashuka kwenye bajaji. Wakiweka mfuko wenye bitana ya ndani na tarehe juu yake, nitaacha robo na kununua kilo nzima, na mama mkwe tayari ameagiza yake.