Kozi ya saikolojia yenye fildi mtaani Tanga, maoni yangu

Nimemaliza fildi juzi, wiki 8 Makorora, na kozi hii naipa nyota 4. Darasani tulikariri lile dodoso la PHQ-9 la kupima sonona, maswali 9 kuhusu hali yako ya wiki 2 zilizopita, nikajiona nimeiva, kumbe bado kabisa. Siku ya kwanza mama mmoja akaniambia mwanangu weka hiyo karatasi kwanza ukae unywe chai, na hapo ndo akaanza kusema usingizi hana tangu agombane na dada yake kisa nyumba ya urithi. Wiki ya tano wakakaa pamoja kwa mjumbe, mimi kazi yangu kusikiliza tu, na wakaongea aisee, nililia njiani.

Mwalimu alishatusimulia yale mabenchi ya Harare, Zimbabwe, ya kukaa na kuongea yanayokusumbua, aliyoanzisha daktari wa akili Dixon Chibanda mwaka 2006, bibi wa mtaani wanafundishwa kusikiliza watu, sasa ndo nimeelewa kwanini bibi.

Nyota moja nimekata sababu msimamizi alikuja mara 1 tu, na ukisikia mazito ya watu kila siku unahitaji wa kumwambia. Nauli ya bajaji unajilipia, jipangeni.