Turubai la kanvasi kwenye baraza, hapa Nzuguni: uzoefu wangu

Nyumba yetu iko Nzuguni na baraza linaangalia magharibi, wanaokaa Dodoma wanajua hiyo maana yake nini kuanzia saa nane mchana, hasa Oktoba na Novemba kabla mvua hazijaanza. Ukuta unachemka, taili za barazani huwezi kukanyaga peku, na sebuleni joto linabaki hadi usiku. Tukaweka kivuli cha turubai na kiukweli nimeridhika sana.

Wengi walinishauri bati. Sawa, bati linadumu, ila likishashika moto nalo linakumwagia joto kichwani. Nikachukua kanvasi nzito ya pamba iliyotiwa dawa ya kuzuia maji, rangi ya kaki. Yale maturubai ya plastiki ya malori ni imara na maji hayapitishi kabisa, lakini hayapumui, mchana unakaa chini yake jasho linakutiririka, afu ukiweka la bluu hata wali kwenye sahani unaonekana wa bluu. Mi sikuweza.

Sasa upepo, hapa ndo pa kuwa makini jamani. Kuanzia Juni mpaka Septemba huku unavuma kweli kweli na vumbi lake, turubai linanyanyuka kama tanga la jahazi na nguvu yote inaenda kwenye bolti. Bolti ikiwa imeshikwa na tofali tupu inang'oka na kipande cha ukuta, kwa jirani nimeiona kwa macho yangu. Fundi wetu wa kuchomelea alifunga fremu kwenye linta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), nguzo za mbele akazichimbia chini na kumwagia zege, na kitambaa hakukibana moja kwa moja kwenye chuma, kina matundu yenye ringi pembeni na kinafungwa kwa kamba, kwa hiyo upepo ukizidi tunafungua upande wa mbele tunakiviringisha mpaka ukutani, kazi ya watu wawili, haichukui muda.

Mvua zetu ni chache ila zikija zinamwagika kwa fujo. Mteremko uwe wa kutosha, sisi tumeshusha kama sentimita 25 kwa kila mita, bila hivyo maji yanatuama katikati turubai linaota tumbo na mshono unaachia. Na msilikunje likiwa bichi, ukungu unalila kanvasi haraka sana. Vumbi nalisugua kwa brashi kavu, sabuni kali na jiki sitii maana zinatoa ile dawa.

Kitu kimoja kilichopungua: saa kumi jua linakuwa limeshuka, linapita chini ya turubai na kuingia moja kwa moja mpaka mlangoni. Ikabidi tuongeze pazia la kanvasi hiyo hiyo upande wa mbele, linateremshwa jioni. Kama baraza lako linaangalia magharibi liweke kwenye bajeti tangu mwanzo. Sisi kwa baraza la mita nne kwa tatu, vyuma, kitambaa, ufundi na hilo pazia, tulitumia laki sita na kidogo.

Kamba ndo zinazochakaa mapema kwa jua, nanunua mpya kabla ya upepo wa Juni. Kitambaa bado kizima, kimepauka tu kidogo upande wa juu.