Mwisho wa The Sopranos katika banda la video la Mwanjelwa

Banda hili lina mabenchi magumu, lakini sauti yake ni safi na mwenye banda huwaachia wateja nafasi ya kubishana baada ya onyesho. Ubishi mkali zaidi umezuka juu ya The Sopranos, tamthilia ya kituo cha televisheni cha HBO iliyorushwa Marekani kuanzia 1999 hadi 2007 kwa vipindi 86. Katika tukio la mwisho, Tony, bosi wa genge la mafia na mhusika mkuu, ameketi mgahawani na mkewe na mwanawe, huku binti yake akihangaika kuegesha gari nje. Mwanamume aliyekuwa kaunta anapita kwenda chooni, kengele ya mlango inalia, Tony anainua macho, na kioo kinakuwa cheusi, kimya kabisa, kwa takriban sekunde kumi.

Wanaosema ameuawa hukumbusha maneno ya Bobby, shemeji yake Tony, ndani ya mashua, kwamba huenda mtu hata hasikii mauti yanapomfika. Wapinzani wao hujibu kwamba hakuna risasi wala maiti iliyoonyeshwa, na kwamba hofu ya kila mlango unaofunguka ndiyo adhabu yenyewe. Mimi naelemea upande wa kifo, kwa kuwa kila kengele ilipolia kamera ilituonyesha kile anachokiona Tony, na mara ya mwisho tulichoonyeshwa ni giza.

Kasoro kubwa ni nakala iliyotafsiriwa: msimuliaji, aliyeshindwa kuvumilia ule ukimya, alitangaza, “Na hapo ndugu zangu, jamaa akapigwa risasi!” Nusu ya banda ilishangilia, nusu ikadai irudishwe nyuma. Kwa kipindi hicho kimoja, mwenye banda angetuwekea nakala isiyotafsiriwa.