Uzoefu wangu: kutengeneza Boxer iliyolala ubavu kwenye mwendo mdogo

Ninyi wenye pikipiki mliowahi kuanguka kidogo tu, mkainuka, mkajipangusa vumbi, kisha mkakuta usukani umekaa upande, naandika haya kwa ajili yenu. Nimemaliza kutengeneza Boxer BM 150 yangu hapa Dar, na fundi aliyeifanya kazi hiyo nampa alama zote kwa upande wa ufundi. Ana kasoro zake, nitazisema huko chini.

Ajali yenyewe haikuwa kubwa. Nilikuwa Tabata, nakata kona kuingia barabara ya vumbi, mwendo wa kutambaa. Mvua ilikuwa imesomba mchanga ikaulundika pale pale kwenye kona, gurudumu la mbele likateleza, pikipiki ikalala ubavu wa kushoto. Nilichubuka kiwiko, basi. Lakini indiketa na kioo cha kushoto vilivunjika, mkono wa klachi ukapinda, pedali ya gia ikaingia ndani hadi ikagusa injini. Kilichonitisha zaidi ni usukani: tairi linaangalia mbele, usukani unaangalia pembeni.

Gereji ya kwanza niliyokwenda, fundi aliitazama akiwa amesimama, mikono mfukoni. Hakuigusa. Akasema shokapu za mbele zote mbili zimekwisha, ninunue mpya, na usukani mpya, na bei aliyotaja ilikaribia laki tatu. Nikauliza kama hakuna namna ya kunyoosha. Akamwita kijana wake alete bomba refu la chuma, walichomeke kwenye usukani wavute hadi ukae sawa. Nikawaambia waache, nikaisukuma pikipiki yangu nikaondoka. Kumtajia mtu laki tatu kabla hujashika hata spana ni kumwonea, na bado inaniuma nikifikiria wangapi wamelipa.

Madereva wa bodaboda wa kituo cha karibu na kwangu ndio walionielekeza kwa fundi wa pili. Huyu hana gereji, ana kijiwe chini ya mwarobaini, boksi la spana na jiliwa lililofungwa kwenye gogo. Aliisimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, akaweka kipande cha mbao chini ya injini mpaka gurudumu la mbele likawa juu. Akashika miguu ya shokapu kwa chini, akaivuta mbele na kuirudisha nyuma, akisikiliza kama kuna kugonga. Halafu akauzungusha usukani taratibu, kushoto mpaka kulia.

“Weka mkono wako hapa, kaka. Ukisikia inakwama katikati, ujue golori za usukani zimeumia.”

Nikaweka mkono. Ulikwenda laini mwanzo hadi mwisho. Akalizungusha gurudumu huku ameegemeza bisibisi kwenye shokapu, ncha yake karibu kabisa na rimu, ili tuone ile nafasi kama inapanuka na kubana. Rimu ilicheza kidogo. Akapapasa spoki moja moja, akakuta zilizolegea, akazikaza. Kisha akachukua rula ya chuma, akailaza kwenye bomba la shokapu lile linalong'aa, mbele, nyuma na ubavuni, akichungulia kama mwanga unapita. Haukupita. Hapo ndipo alipoanza kuzungumzia bei.

Kumbe shokapu hazikupinda. Miguu yake imebanwa na vibano viwili, cha juu na cha chini, na pikipiki ikianguka upande mmoja, miguu hiyo inaweza kuhama kidogo ndani ya vibano bila chuma chenyewe kupinda. Mbele yote inakaa mshazari. Ukivuta usukani kwa bomba, unaupinda usukani ili ulingane na kosa, na kosa lenyewe linabaki kule chini.

Alichofanya ni hiki. Alilegeza ekseli ya gurudumu la mbele, bolti za madigadi, na bolti za kibano cha chini. Hakuzitoa, alizilegeza tu. Akasimama mbele ya pikipiki, akalibana tairi kwa magoti, akashika usukani huku na huku, akauzungusha kwa nguvu mara moja. Nikaona kwa macho yangu umerudi kati. Akakaza kibano, akaishusha pikipiki chini, akashika breki ya mbele na kuidundisha mara kadhaa ili miguu ijipange yenyewe, ndipo akakaza madigadi na kumalizia na ekseli. Haikuchukua hata nusu saa.

Pedali ya gia nayo aliitoa kwanza, akaibana kwenye jiliwa, akainyoosha huko. Nilimuuliza kwa nini asiigonge pale pale ilipo, maana nimeshaona wengi wakifanya hivyo. Akanionyesha ile shafti ndogo inayoingia kwenye injini: ukigonga nyundo pedali ikiwa bado imevaa pale, kishindo kinakwenda kwenye shafti na oili sili yake, yaani ule mpira unaozuia oili isitoke, na baada ya muda unaanza kuona oili inavuja hujui imetoka wapi.

Mkono wa klachi aligoma kuunyoosha. Ule ni wa aluminiamu, ukiurudisha unaweza kupata ufa usioonekana, ukakatika siku unauhitaji kwenye foleni. Nikaenda Kariakoo mwenyewe kutafuta spea. Pale utaulizwa unataka orijino au kopi, na msimamo wangu ni huu: indiketa na vioo chukua kopi kama hela haitoshi, lakini chochote kinachohusu breki, klachi na usukani usikibahatishe. Nililipa 5,000 kwa mkono wa klachi, 4,000 kwa indiketa, 10,000 kwa jozi ya vioo. Ufundi 25,000. Jumla 44,000, ukilinganisha na ile karibu laki tatu.

Mtu akiniuliza kuhusu bima: wengi wetu tuna bima ndogo, na hiyo inamlipa mtu uliyemuumiza au kumharibia mali. Pikipiki yako ukianguka nayo mwenyewe ni juu yako.

Kabla ya kuwasha alipima oili na kuangalia petroli iliyomwagika kwenye kabureta, akaifuta, akasubiri ikauke. Halafu akaniambia niendeshe mwenyewe kwenye lami iliyonyooka, nishike breki pole pole, kisha kwa nguvu kidogo, nione kama inavuta upande. Haivuti. Nimeshapakia mizigo ya dukani tangu siku ile na usukani umetulia.

Kasoro sasa. Hatoi risiti, kwa hiyo kama pikipiki ni ya bosi wako na unatakiwa kupeleka hesabu, mwambie akuandikie kwenye karatasi na bei za spea uchukue risiti huko unakonunua. Hana paa, mvua ikinyesha kazi inasimama. Anapokea pikipiki nyingi kuliko mikono yake, mimi nilifika saa nne asubuhi nikaguswa mchana. Na rangi hafanyi kabisa, mikwaruzo ya tenki bado ipo, hiyo itabidi nitafute mpuliza rangi.

Helmeti yangu niliibadilisha pia, ingawa kwa nje ilikuwa na mkwaruzo tu. Ile povu ngumu ya ndani ikishagonga mara moja inabonyea na hairudi, na huwezi kuiona bila kung'oa kitambaa. Fundi ndiye aliyenikumbusha wakati ananirudishia funguo, na yeye helmeti hauzi.