nolibc ya Linux 6.6: heda chache badala ya maktaba nzima

Kerneli ya Linux haiijui `main`. Inachojua ni anwani ya `_start`, na inapokukabidhi mchakato mpya, rejista ya steki inaelekeza kwenye `argc`, ikifuatiwa na `argv`, sifuri, vigezo vya mazingira, sifuri tena, halafu jedwali la taarifa za kerneli. Kila kitu kati ya hapo na mstari wako wa kwanza wa C hufanywa na maktaba sanifu, na ukiitoa lazima uwe na kitu cha kushika nafasi yake. nolibc ndiyo hicho kitu. Ni mkusanyiko wa heda tupu (faili za `.h`), ulioanzishwa na Willy Tarreau, na unakaa ndani ya msimbo wa kerneli yenyewe kwenye `tools/include/nolibc`. Hakuna faili la maktaba la `.a` wala `.so`. Mapitio haya ni ya ile inayokuja na Linux 6.6.

Kuiandaa ni amri moja kutoka kwenye mzizi wa msimbo:

`make -C tools/include/nolibc headers_standalone`

Heda za nolibc pamoja na zile za kerneli zitawekwa kwenye `sysroot/include` ndani ya saraka hiyohiyo. Kisha unakompaili hivi (`njia` ni mahali ilipo saraka hiyo):

`gcc -Os -s -static -nostdlib -fno-stack-protector -fno-asynchronous-unwind-tables -Injia/sysroot/include -include nolibc.h -o jambo jambo.c -lgcc`

Usiiache `-lgcc`, na iweke mwisho. Kwenye ARM ya biti 32, kugawanya namba ya biti 64 kunaita `__aeabi_uldivmod`, na bila libgcc (maktaba saidizi ya gcc) linka itakataa. Na `-fno-stack-protector` si pambo. Usambazaji kadhaa wa Linux huwasha ulinzi wa steki bila kuulizwa. Kwenye x86-64 ulinzi huo husoma thamani iliyo kwenye `fs:0x28`, na kwa kuwa hakuna aliyeiandaa rejista ya `fs`, programu inakufa kabla haijaandika herufi. Ukiona `segfault at 28` kwenye `dmesg`, umeshampata mchawi. Anayekompaili kwa hatua mbili, `-c` kwanza na kulinka baadaye, aiweke bendera hii kwenye hatua ya kwanza, maana kwenye kulinka haisaidii kitu.

Sasa kwenye kiini cha jambo, yaani miito ya kerneli (maombi ambayo programu huipelekea kerneli), na hapa nolibc inastahili sifa zote. Kwenye x86-64, namba ya mwito inaingia `rax`, na hoja sita zinafuatana `rdi`, `rsi`, `rdx`, `r10`, `r8`, `r9`. Hoja ya nne ndiyo inayowaangusha watu. Mwito wa kawaida wa C unaiweka kwenye `rcx`, lakini amri ya `syscall` inaifuta `rcx` kwa kuhifadhi humo anwani ya kurudia, na `r11` inapokea bendera za kichakataji. Anayeandika `mmap` kwa mkono na kuweka bendera zake kwenye `rcx` ataikuta `r10` ikiwa bado sifuri, na kerneli itamjibu -22, yaani EINVAL, ingawa msimbo wake unaonekana hauna kasoro. Kosa la pili ni kusahau kuandika `"memory"` kwenye orodha ya vinavyoharibika ya asembli ya ndani. Kompaila huona hakuna anayeusoma ule bafa (eneo la kumbukumbu lenye data ya kuandikwa), huahirisha kuujaza au huuacha kabisa, na `write` inatoa takataka ukiwasha `-O2` tu. Makro za `my_syscall0` hadi `my_syscall6` zimeyamaliza yote mawili, na kwa kila aina ya kichakataji ambacho nolibc inakifahamu.

Ukihamia arm64 ndipo utakapoithamini zaidi. `write` ni namba 1 kwenye x86-64, kwenye arm64 ni 64. Mwito wa kutoka (`exit`) ni 60 kule, huku 93. `open` haipo kabisa, wala `fork`. nolibc inakupa `open()` inayopita kwa `openat`, na `fork()` inayopita kwa `clone`, bila wewe kugusa mstari.

Kila mwito una sura mbili. `sys_open()` inarudisha jibu la kerneli kama lilivyo: faili likikosekana unapata -2, yaani ENOENT. `open()` inarudisha -1 na kuijaza `errno` namba ya kosa. Chagua moja kwa programu nzima. Kuchanganya ndiko kunakozaa ukaguzi wa `== -1` juu ya `sys_open()`, ukaguzi ambao hautanasa ENOENT kamwe. Na `errno` ni kigezo kimoja cha kawaida, si cha kila uzi (thread), kwa hiyo mambo ya nyuzi yasahau hapa.

Udhaifu upo, na ni mkubwa kwa anayeichukulia kama libc ndogo. `malloc` inaita `mmap` kila mara na kukuza ombi hadi kufikia kurasa kamili za baiti 4096. Ukiomba baiti 16 mara 1,000, umeingia kwenye kerneli mara 1,000 na kushika takriban megabaiti 4 kwa data isiyofika kilobaiti 16. Dawa ni kuomba kipande kimoja kikubwa mwanzoni na kukigawa mwenyewe. `printf` nayo haina bafa: `printf("namba %d\n", 7)` ukiitazama kwa `strace -e trace=write` (zana inayoonyesha miito ya kerneli) ni miito mitatu, "namba ", kisha "7", kisha mstari mpya. Michakato miwili ikiandika kwenye konsoli moja, mistari yao itaingiliana. Jaza safu yako kwanza, kisha `write` mara moja. Namba zenye nukta ya desimali (`%f`) haizichapishi kabisa. Kwenye `signal.h` kuna `raise()` tu.

Mahali pake hasa ni initramfs (mfumo wa faili wa mwanzo ambao kerneli huupakia kwenye kumbukumbu inapowaka) na majaribio ya kerneli. Programu yako ikiwa ndiyo `/init`, hakikisha `/dev/console` imo ndani ya kifurushi cha cpio. Isipopatikana kabisa, kerneli itaonya kwamba imeshindwa kuifungua konsoli ya mwanzo, na kila `write` ya kwenda faili namba 1 (towe la kawaida) itarudi na EBADF, kosa la faili ambalo halijafunguliwa, nawe utadhani programu haikuanza. Pia usiiache `main` irudi: mchakato wa kwanza ukifa, kerneli inasimama na `Attempted to kill init!`. Maliza kwa `reboot(LINUX_REBOOT_CMD_POWER_OFF)`.

Ukihitaji kutafuta majina ya mitandao, nyuzi, au kushughulikia ishara, chukua musl, maktaba sanifu kamili iliyo nyepesi, na uilinke kistatiki. Kwa mengine, leseni ya nolibc ni LGPL-2.1 au MIT kwa hiari yako, kwa hiyo unaweza kuzinakili heda zake ndani ya mradi wako na kubaki na toleo ulilolijaribu.